Barua ya wazi: Turudishieni breki ya mbele

Lubumbashi, mwanzo wa majira ya mvua

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo,
Kwa wakuu wa Office Congolais de Contrôle (OCC, shirika la kukagua bidhaa), wa forodha (DGDA) na wa Tume ya Taifa ya Kuzuia Ajali za Barabarani (CNPR),

Waheshimiwa,

Mvua ya kwanza ilinyesha juma lililopita, alasiri, na kesho yake asubuhi nilipofungua garaji langu hapa Katuba nilikuta pikipiki tatu zimeegemezwa ukutani zikinisubiri. Zote tatu zilikuwa zimeumia ubavuni: vyuma vya kukanyagia vimepinda, mkono wa breki umegeuka ndoano, taa imepasuka, na rangi ya tangi imekwanguliwa kwa mstari mmoja mrefu. Hakuna hata moja iliyogonga gari. Zilianguka zenyewe, mikononi mwa vijana waliobana breki kwa ghafla juu ya lami iliyolowa, gurudumu la mbele likakwama, na pikipiki ikalala chini kabla hawajaelewa kimetokea nini. Nilizikagua breki zao moja baada ya nyingine, nikakuta ni nzima.

Nawaandikia nikiwa fundi wa pikipiki ambaye, kabla ya kushika spana, alibeba abiria kwa miaka sita katika mji huu, na wateja wakimwita manseba, yaani mjomba, kama wanavyowaita vijana wote wa kazi hiyo. Ombi langu ni moja. Naomba kwamba pikipiki mpya zinazoingizwa nchini ziwe na mfumo unaozuia gurudumu kukwama wakati wa kufunga breki, ule unaojulikana kwa herufi ABS, angalau kwenye gurudumu la mbele, na kwamba sheria itakayoagiza hivyo isiwekewe mpaka wa ukubwa wa injini utakaoziacha nje pikipiki zilezile zinazotubeba. Sehemu hiyo ya pili ya ombi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, na nitaifikia baada ya kueleza jambo lenyewe.

Pikipiki husimama wima kwa sababu magurudumu yake yanazunguka na usukani wake unaendelea kuirekebisha, hata pale dereva asipojua kwamba anairekebisha. Gurudumu la nyuma likikwama, mkia huyumba, na mtu mwenye uzoefu anaweza kuachia kanyagio akaendelea na safari. Gurudumu la mbele likikwama, tairi huanza kuteleza, usukani hauna tena kazi, na kuanguka huchukua muda usiofika sekunde moja. Hata hivyo, breki ya mbele ndiyo breki hasa. Mnapofunga breki, uzito wote wa chombo, wa dereva, wa abiria na wa gunia la makaa hukimbilia mbele na kulikandamiza tairi la mbele barabarani, huku la nyuma likipungukiwa na mzigo. Kwa hiyo theluthi mbili au zaidi ya nguvu za kusimama hutoka mbele. Dereva wa pikipiki anaishi kati ya mambo hayo mawili: breki inayoweza kumwokoa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumtupa.

Mimi mwenyewe ilinitupa. Ilikuwa kwenye barabara ya Kasenga, mwezi wa Novemba, nimembeba mama mmoja mwenye beseni la samaki aliyekuwa akienda soko la Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi. Tangu Mei hadi Septemba hapa kwetu mvua karibu hainyeshi kabisa, na muda huo wote lami inakusanya vumbi jekundu, oili inayodondoka kutoka kwenye malori ya shaba na vipande vya mpira wa matairi. Mvua ya kwanza haivisafishi vitu hivyo, bali inavikoroga vikawa kama sabuni. Basi dogo lililokuwa mbele yangu lilisimama kupakia mtu, mkono wangu wa kulia ukabana kwa woga, na kitu kilichofuata ninachokumbuka ni samaki wakiteleza pamoja nami barabarani. Yule mama alivunjika mfupa wa bega. Nilipokwenda kumwona aliniuliza, bila hasira yoyote: «Manseba, mbona ulinitupa?» Sikuwa na jibu, maana nilikuwa nimefanya kile ambacho kila mtu angefanya.

Tangu siku hiyo nilifanya kama wafanyavyo wenzangu wengi, nikaacha kuigusa breki ya mbele. Na hapa, Waheshimiwa, nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili halionekani katika ripoti yoyote ya ajali. Kila mwezi vijana huja garajini na kuniomba niulegeze waya wa breki ya mbele. Hawasemi kwamba imeharibika. Wanasema inatupa watu. Kuna wanaonunua pikipiki mpya, bado ina nailoni kwenye kiti, na kazi ya kwanza wanayonipa ni hiyo. Wapo pia wanaoufungua waya wenyewe na kuufunga kwa uzi juu ya usukani. Nimezoea kuwakatalia, nao wamezoea kwenda kwa fundi mwingine.

Tazameni hesabu ya woga huo. Mtu anayekwenda kilomita 50 kwa saa anapita takriban mita 14 kila sekunde. Tuseme watu wawili wanakwenda kwa mwendo huo juu ya lami kavu na wanaanza kufunga breki mahali pamoja. Wa kwanza anatumia breki zote mbili vizuri, na anasimama baada ya mita 14 hivi. Wa pili anatumia ya nyuma peke yake, yenye nusu ya nguvu hizo, na anahitaji mita 28. Lakini tofauti ya mita 14 haielezi yote, kwa maana pale ambapo wa kwanza amekwisha kusimama, wa pili bado anakwenda kilomita 35 kwa saa. Kama mahali hapo amesimama mtoto wa shule, au upo mkia wa lori, basi huo ndio mwendo atakaogonga nao.

ABS huondoa sababu ya woga huo. Kwenye gurudumu hufungwa pete yenye meno au matundu, na karibu yake sensa inayohesabu meno hayo yanavyopita. Gurudumu likianza kupungua mwendo kwa kasi ambayo pikipiki yenyewe haiwezi kupungua nayo, kompyuta ndogo inajua kwamba gurudumu linaelekea kukwama. Inafungua vali, inapunguza msukumo wa mafuta ya breki kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha inaurudisha, na hufanya hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Aliyewahi kumwongoza mbuzi mkaidi kwa kamba anakijua kitendo hicho: huvuta, hulegeza, huvuta tena, na kamba haikatiki. Dereva husikia mkono wa breki ukitetemeka kidoleni, na anachotakiwa kufanya ni kuendelea kubana. Hahitaji kuwa hodari. Anaweza kushtuka, akabana kwa nguvu zake zote kama nilivyobana mimi siku ile, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Mfumo huu si mgeni duniani. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutoa kwa ajili ya magari mwaka 1978, mwaka uleule ilipotolewa sheria yetu ya barabarani, Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti. Vimezaliwa pamoja, basi, lakini kimoja kimekua na kingine bado tunakivika nguo za utotoni. Kwenye pikipiki ABS ilianza kuuzwa mwaka 1988, na BMW. Nchini Marekani, taasisi ya utafiti ya kampuni za bima, IIHS, ililinganisha pikipiki za aina moja zenye ABS na zisizo nayo, na mwaka 2013 ikaeleza kwamba ajali zenye kuua zilikuwa pungufu kwa asilimia 31 kwa zile zenye mfumo huo. Hesabu yake ya mwaka 2021, iliyokuwa na takwimu nyingi zaidi, ilitoa asilimia 22. Utafiti uliofanywa kwa takwimu za nchi tatu za Ulaya ulikuta ajali zenye majeruhi zimepungua kwa asilimia 24 Italia, 29 Hispania na 34 Uswidi. Pikipiki zilizopimwa huko ni kubwa kuliko zetu na barabara zao ni nzuri kuliko zetu, na sidai kwamba asilimia hizo zitahamia Lubumbashi kama zilivyo. Nadai tu kwamba gurudumu linapokwama humwangusha Mswidi na Mkongomani kwa namna ileile.

Sasa nafikia mpaka wa injini. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 168 ya mwaka 2013, uliagiza kwamba kuanzia 2016 kwa modeli mpya, na 2017 kwa pikipiki zote mpya, zile zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125 lazima ziwe na ABS. Zile ndogo zikaruhusiwa kuchagua kati ya ABS na breki za pamoja, yaani breki ambazo ukikanyaga moja huvuta pia nyingine. India, ambako pikipiki zetu nyingi zinatoka, iliweka mpaka uleule mwaka 2018 na 2019. Mtaalamu atakayeandaa sheria yetu atakuta maandishi hayo yapo tayari, yamechapwa vizuri, na atavutiwa kuyanakili. Namwomba kabla ya kunakili atembee dakika kumi tu pembeni ya soko la Kenya, ainame, asome kilichoandikwa kwenye injini za pikipiki zinazosubiri abiria. Atasoma 100, na 125, na mara moja moja 150. Tena ile inayouzwa kwa jina la 125, katika karatasi zake za kiwanda, ni 124 na sehemu kidogo. Mpaka wa 125 ukiletwa hapa, utamlinda tajiri anayepanda pikipiki kubwa siku ya Jumapili kwenda kula samaki, na utamwacha manseba na abiria wake wawili kama walivyo leo.

Breki za pamoja zina faida, na sizibezi: zinamlazimisha mtu anayekanyaga ya nyuma tu apate pia sehemu ya ile ya mbele. Lakini hazizuii gurudumu kukwama. Juu ya lami ya Novemba zitamwangusha kijana yule yule, pengine akiwa na mshangao zaidi, maana hakuigusa breki iliyomwangusha. Zikikubaliwa, ziwe hatua ya mwaka mmoja au miwili wakati wafanyabiashara wanajipanga, na tarehe ya mwisho iandikwe ndani ya sheria yenyewe.

Najua mtaambiwa kwamba jambo hili litapandisha bei. Ni kweli litapandisha, na sitaki kulificha, kwa sababu anayeumizwa na bei ni kijana anayempelekea mwenye pikipiki malipo kila jioni kabla yeye mwenyewe hajala. ABS inahitaji breki ya diski inayosukumwa na mafuta. Haiwezi kufungwa kwenye breki ya ngoma inayovutwa kwa waya, kama ile iliyo mbele ya nyingi ya pikipiki zetu. Kwa hiyo kuiagiza ni kuagiza pia diski, jambo ambalo peke yake ningelishukuru. Ndiyo sababu naomba ya gurudumu la mbele tu, ambayo ni rahisi kuliko ya magurudumu yote mawili, na ndiyo sababu nawageukia wakuu wa forodha na wa fedha: ushuru unaotozwa pikipiki yenye mfumo huu upunguzwe, na wa zile zisizokuwa nao ubaki ulivyo, mpaka tarehe ya marufuku ifike. Zilizopo barabarani leo zisiguswe. Sheria itakayokuja kunyang'anya pikipiki za vijana ambazo bado hawajamaliza kuzilipa itazaa fujo, na mimi nitakuwa upande wa vijana.

Mtaambiwa pia kwamba barabara zetu ni za udongo, na kwamba juu ya changarawe ABS hurefusha mwendo wa kusimama. Hilo nalo lina ukweli ndani yake: juu ya kokoto gurudumu lililokwama hujichimbia na kusukuma kilima kidogo mbele yake, na gari lenye magurudumu manne hufaidika nacho. Pikipiki haina anasa hiyo, kwa maana ikikwama mbele juu ya kokoto huanguka kabla ya kilima hicho kujengeka. Isitoshe, katika vichochoro vya udongo vya Katuba na vya Ruashi watu hawakimbii. Pikipiki mbaya kabisa ninazoletewa, zile ambazo huwa naogopa kuuliza habari za aliyekuwa akiziendesha, zinatoka kwenye lami: barabara ya Kasumbalesa na malori yake, barabara ya Likasi, barabara ya Kipushi saa za jioni.

Neno jingine kwa OCC. Sokoni kuna vifaa vidogo vinavyouzwa kwa jina la ABS ambavyo ndani yake hamna sensa wala kompyuta, ila mpira na springi vinavyopunguza msukumo wa mafuta kidogo, gurudumu lizunguke lisizunguke. Kuna pia pikipiki zenye herufi hizo tatu kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya bawa la gurudumu, basi. Sheria ikipita, karatasi hizo zitaongezeka kuliko pikipiki zenyewe. Kuzitambua hakuhitaji maabara. Pikipiki yenye mfumo wa kweli ina pete na sensa kando ya gurudumu, mabomba ya breki yanayopitia kwenye kisanduku cha vali badala ya kwenda moja kwa moja, na taa ya ABS inayowaka mtu anapofungua ufunguo, kisha ikazimika baada ya mita chache za mwendo. Taa isiyowaka kabisa, au isiyozimika, inasema yote. Hata polisi wa barabarani anaweza kufundishwa kuisoma asubuhi moja, na ningefurahi kumwona akitazama taa hiyo kabla hajaomba karatasi.

Mafundi nasi tunahitaji kufundishwa. Wengi wetu hatujawahi kutoa hewa kwenye breki yenye kisanduku cha namna hiyo, na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na kwa kawaida hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hapa kwetu hubadilishwa yanapokwisha. Ikiwa shule za ufundi za jimbo zitapewa hata pikipiki mbili za kufundishia, mimi na wenzangu tutakwenda jioni, baada ya kazi, bila kulipwa. Madereva vilevile waambiwe mapema kwamba mkono unaotetemeka unafanya kazi yake, la sivyo watauachia kwa kudhani umeharibika, halafu watakuja kwangu kuomba niung'oe.

Mheshimiwa Waziri, kiwanda hakiweki kitu ambacho mnunuzi hakukiomba. Modeli inayouzwa ikiwa na ABS katika nchi yenye sheria hutumwa bila ABS katika nchi isiyo na sheria, na hakuna hila yoyote hapo, ni biashara. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ambako bodaboda ni nyingi kuliko hata hapa. Wakiomba wote kwa sauti moja kule Arusha, kiwanda kitasikia, na bei itashuka kwa wingi wa zitakazotengenezwa. Shirika la Afya Duniani limehesabu watu milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na asilimia 21 kati yao walikuwa kwenye vyombo vya magurudumu mawili au matatu. Hao ndio wateja wangu, Mheshimiwa, na abiria wao.

Kwa Mheshimiwa Gavana naomba jambo lililo karibu zaidi, ambalo halisubiri Kinshasa. Jimbo na mji hununua pikipiki kwa ajili ya watumishi, polisi na wahudumu wa afya. Ununuzi ujao uandikwe kwamba breki ya mbele iwe na ABS. Pikipiki hamsini tu zenye mfumo huo zikizunguka katika komini saba za Lubumbashi kwa misimu miwili ya mvua zitawafundisha wauzaji, mafundi na madereva zaidi ya barua hii.

Ile ya kwanza kati ya pikipiki tatu nilizozitaja mwanzoni imekwisha kupona. Nimenyoosha vyuma, nimeweka mkono mpya wa breki, na waya wa mbele nimeukaza kama unavyotakiwa kukazwa. Mwenyewe atakuja kuichukua kesho saa moja asubuhi, bega lake likiwa bado limefungwa kitambaa, na jana jioni alinipigia simu kuuliza kama nimekumbuka kuulegeza.

Kwa heshima zote,

Fundi wa pikipiki
Komini ya Katuba, Lubumbashi